Maji Yanayochoka Alfajiri

Vijana wangu wa labo, maabara yetu ya maji,

Mmeniomba niandike kitu kabla sijasahau mambo, nami nimekubali, kwa sababu hapa nyumbani Simi-Simi sina kazi nyingine ila kubishana na mke wangu juu ya mahali pa kuweka kiti changu. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vilikuja kwa mwendo wa konokono, na vingine nadhani bado viko njiani. Nitaandika juu ya maji, na juu ya karatasi moja niliyoipiga muhuri kwa mkono wangu, ambayo nusura imfukuzishe mama mmoja nyumbani kwake.

Nilizaliwa Kasongo, huko Maniema, nikaja Kisangani kusoma, na sikurudi tena. Siku ya kwanza labo niliingia na diploma mpya ndani ya bahasha na suruali yenye mkunjo unaoweza kukata mkate. Mkuu wangu alikuwa Papa Lifeta, mwenyeji wa Isangi, mtoto wa watu wa mto, mwembamba wa mwili lakini mwenye sauti ya kuita pirogi, yaani mtumbwi, kutoka ng'ambo. Diploma hakuiuliza. Alinionyesha ndoo, sabuni na rundo la chupa za kioo.

"Osha."

"Zote, Papa?"

"Zote. Ukimaliza, uniite."

Niliosha mpaka vidole vikajikunja. Nilipomwita, aliokota chupa moja, akaimwagia maji, akaiinua dirishani. Maji yalikaa juu ya kioo matone matone. Akairudisha ndooni.

"Iko bado chafu. Kama kioo iko safi, mayi inaivaa yote, sawa vile shati. Kama inakaa matone-matone, mafuta iko. Mayi na kioo banapendana. Mayi na mafuta, hapana. Osha tena."

Wiki tatu nilikuwa muoshaji wa vyombo mwenye diploma. Nilimchukia kidogo, nakiri. Lakini hadi leo nikiosha glasi ya chai huigeuza kwenye mwanga kutazama kama maji yameivaa, na mke wangu husema nimeharibika.

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Kitabu alikifungua mwisho, baada ya mikono. Mchana mmoja wa jua kali alinipeleka ukingoni mwa mto Tshopo, akanivua viatu na kuniambia nisimame juu ya jiwe. Niliruka kama mbuzi. "Sasa ingia kwa mayi." Maji yalikuwa baridi vilevile kama asubuhi. Jua moja, saa zilezile, jiwe limekuwa kikaango na maji hayana habari. Akaniambia maji ni kama mtu mzito wa hasira: hunywa joto jingi kabla ya kupanda, na huliachia polepole usiku, ndiyo maana samaki hawachemki mchana wala hawagandi alfajiri. Mimi nilikuwa nimeyasoma hayo yote kwa Kifaransa na kuyajibu kwenye mtihani. Nyayo zangu zilikuwa hazijayasoma.

Siku nyingine tulikaa karibu na maporomoko, pale maji yanapoanguka na kuwa meupe. Nilikuwa na kosa moja ambalo wengi wenu mlikuja nalo pia, msinibishie. Nilidhani kwa kuwa maji yana oksijeni ndani ya jina lake, basi samaki huyavunja maji na kuinyonya. Papa Lifeta alicheka hadi akakohoa. Ile oksijeni, akasema, imefungwa ndani ya maji yenyewe, samaki hawezi kuifungua. Samaki anapumua hewa kama wewe, ila hewa iliyoyeyuka majini, kama chumvi inavyoyeyuka kwenye mchuzi. Maji yakianguka na kupigwapigwa, yanavuta hewa. Yakisimama, yanavuta kidogo tu, kwa juu. "Pale kwa chutes, kwa maporomoko, mayi inapumua. Kwa shimo inakaa na pumuzi yake ya jana."

Kupima pumzi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu kubwa, na siku hizo hatukuwa na kijiti cha umeme mnachochovya ninyi na kusoma namba. Tulikuwa na chupa na dawa. Unajaza chupa chini ya maji hadi ifurike, bila kiputo hata kimoja, maana kiputo kimoja ni uongo mmoja. Unatia matone ya dawa mbili. Kama maji yana hewa, ndani ya chupa panatokea wingu la kahawia. Kama hayana, wingu linabaki jeupe. Kisha unatia asidi, wingu la kahawia linayeyuka na kuwa njano, unaongeza wanga linageuka buluu, halafu unahesabu matone ya dawa ya mwisho mpaka buluu ipotee. Matone mengi, hewa nyingi. Wanga wa dukani ulipokwisha, tukaandika barua, barua haikujibiwa, na Papa Lifeta akaleta kijiko cha unga wa muhogo kutoka jikoni kwake. Akauchemsha, akauchuja, ukafanya kazi kuliko ule wa dukani. Tangu siku hiyo tulipima pumzi ya mito yetu kwa unga wa fufu.

Sasa nifike kwenye karatasi.

Nilikuwa na miaka michache kazini na nilijiona nimeiva. Kikundi cha akina mama wa kijiji kimoja kwenye njia ya Banalia walikuwa wamechimba bwawa la samaki, na samaki walikuwa wanakufa. Waliomba mtu wa labo. Papa Lifeta alikuwa na homa, nikaenda peke yangu kwa baiskeli ya kazi. Tairi lilipasuka njiani, nikaliziba, nikasimama kula wali, na nilipofika jua lilikuwa utosini.

Aliyenipokea bwawani ni Mama Bofaya. Mjane wa makamo, mwenyeji wa Yanonge, binti wa mvuvi. Mume ndiye aliyemleta kijiji kile, na mume akafa akamwacha na mabinti wawili na nyumba. Wazo la bwawa lilikuwa lake, kwa sababu pale kijijini ni yeye tu aliyejua samaki kwa undani. Wenzake walikuwa watu wa shamba.

"Papa," aliniambia, "asubui mayi inachoka. Miye minaona kila siku. Samaki banakuja juu, banafungua kinywa, pa, pa, pa. Jua ikipanda, banashuka."

Nilitabasamu. Nawaandikia wenzangu wa kazi, kwa hiyo nisijipambe: nilicheka. "Mama, maji hayachoki. Mtu ndiye anayechoka."

Nikajaza chupa, nikatia dawa, nikapata wingu la kahawia zuri ajabu. Bwawa lilikuwa kijani, na jua la mchana likipiga ule ukijani wote unatoa hewa. Namba ilikuwa nzuri kuliko ya mtoni. Upande wa juu wa bwawa niliona magunia yamezamishwa, nikadhani ni mbolea ya majani, kama tulivyowafundisha kuweka. Nikaandika: *Maji ni mazuri.* Nikapiga muhuri mwekundu, nikampa Mama Présidente, mwenyekiti wa kikundi, nikarudi mjini nimeridhika na nafsi yangu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Mama Bofaya akatokea mlangoni pa labo. Alikuwa ametembea na kudandia lori la mkaa, vumbi limempaka hadi kope. Kutoka kifuani alitoa karatasi yangu, imefungwa ndani ya plastiki.

"Kartasi yako inaniua," akasema.

Papa Lifeta alimpa kiti na maji ya kunywa, na hakumharakisha. Mambo yalikuwa hivi. Samaki walikuwa wamekufa kwa wingi mara tatu, na kila mara ilikuwa kijiji kiko kwenye matanga. Mzee anafariki, siku ya tatu au ya nne samaki wanaelea. Watu wakaanza kuhesabu. Nani anakaa bwawani kila alfajiri, peke yake, anatazama maji? Nani si wa hapa? Na kapita, yaani mkuu wa kijiji, mtu asiye mbaya, alikuwa ameichukua karatasi yangu akaisoma mbele ya wote, kisha akamrushia yeye.

"Alisema: sayansi iliona, mayi iko bien, muzuri kabisa. Basi, kama mayi iko bien na samaki banakufa, iko mutu. Na mutu yenyewe, batu yote bananiangalia miye." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Banasema niko ndoki, muchawi. Ninakula batu, kisha ninakula na samaki yao. Juzi mukubwa moja tena amekufa. Samaki imeanza kuelea. Kapita amenipa mpaka siku ya mungu nitoke na batoto. Nyumba banabomoa."

Tulikuwa Ijumaa, na siku ya mungu, Jumapili, ilibaki siku mbili. Sikuwahi kuogopa namba zangu kabla ya siku ile, na tangu siku ile sijaacha kuziogopa. Papa Lifeta hakunipigia kelele, ingawa kelele zingenisaidia. Aliweka karatasi mezani, akaigeuza upande wa pili kana kwamba kuna kitu kimeandikwa nyuma, akaniuliza swali moja.

"Ulipima saa ngapi?"

"Saa sita, Papa. Mchana."

"Na mama alikuambia nini?"

"Aliniambia maji yanachoka asubuhi."

"Na wewe?"

Mimi ni mtu wa alfajiri. Tangu utotoni naamka kabla ya jua, natawadha, naswali. Kila siku ya maisha yangu nimekuwa macho saa ile, na haikunijia akilini hata mara moja kwamba maji nayo yana alfajiri yake, baada ya usiku mzima ambao ukijani hautoi hewa bali unaitumia. Lile neno nililolicheka lilikuwa matokeo ya kipimo. Alichokosa mama ni chupa tu.

Jumamosi jioni tulikuwa kijijini, tumelala kwa katekista. Jumapili alfajiri nikaswali, nikamkuta Papa Lifeta tayari ukingoni, suruali imekunjwa magotini. Ukungu ulikuwa juu ya bwawa, na samaki walikuwa juu wote, vinywa wazi, pa, pa, pa, kama alivyosema. Kapita alikuja. Mama Présidente alikuja, na wenzake, na wanaume waliokuwa wameshika nyundo kwa ajili ya nyumba. Mama Bofaya alisimama pembeni na mabinti zake, na vitu vyao vilikuwa vimeshafungwa.

Nilijaza chupa moja bwawani, moja kwenye kijito kinacholeta maji, juu kabisa kabla hayajaingia. Nikajaza ya bwawa mara mbili kwa sababu ya kiputo. Nikatia dawa, nikazifunga, nikazigeuza. Nikaziinua mbele ya watu.

Ya kijito ilikuwa kahawia kama chai. Ya bwawa ilikuwa nyeupe.

"Hiyo nyeupe ni dawa ya nini?" kapita akauliza.

"Dawa ni moja, kapita, zote mbili. Hii ina hewa ndani. Hii haina."

"Kartasi ilisema iko muzuri."

"Karatasi niliiandika mimi. Nilikosea. Nilipima mchana, na mama huyu aliniambia kwamba maji yanachoka asubuhi, sikumsikiliza. Kosa ni langu, si la mtu mwingine."

Kisha nikatia asidi, nikatia wanga. Chupa ya kijito ikawa buluu nzito, ile ya bwawa ikawa na kivuli tu cha buluu. Nilimwomba kapita ahesabu matone kwa sauti. Bwawa: moja, mbili, ikaisha. Kijito alihesabu hadi watoto wakahesabu pamoja naye.

Ndipo Mama Présidente akanyoosha kidole kwenye kichupa changu. "Na hiyo mayi nyeupe unatia, njo nini?"

"Unga wa muhogo, Mama. Umechemshwa."

Watu wakacheka, cheko la kwanza asubuhi ile. Papa Lifeta hakucheka. Alikuwa ameingia majini hadi kiunoni upande wa juu, akainua gunia moja, halafu la pili. Harufu ikatufikia sote. Ulikuwa muhogo mchungu, umelowekwa, umeanza kulainika. Magunia yalikuwa mengi, yamepangwa bega kwa bega chini ya nyasi.

Sasa elewa, kijana usiyewahi kupika kwanga, ule mkate wa muhogo. Muhogo mchungu hulowekwa siku tatu, nne, uchachuke, sumu itoke, ndipo unapondwa na kufungwa majanini. Zamani walilowesha mtoni, na mto ukawaibia watu magunia. Bwawa lilipokuja, kila mama akaona maji yaliyosimama, salama, karibu na nyumba. Gunia moja, nani atalikataza? Na ni chakula, chakula kitamdhuru vipi samaki? Siku za kawaida yalikuwa magunia mawili matatu, bwawa likavumilia. Lakini kijijini wakifiwa, wageni wanakuja kwa siku nyingi, na kila nyumba inalowesha kwa ajili ya matanga. Mzee akafa, muhogo ukaingia, siku ya tatu samaki wakafa. Hesabu ya wanakijiji ilikuwa sahihi. Walikosea jina tu.

Niliona nyuso za akina mama zikibadilika. Niliogopa tena, maana kijiji kilichoamka na nyundo hakipendi kurudi nazo bure, na sasa magunia yalikuwa na wenyewe. Papa Lifeta aliliona hilo kabla yangu. Akiwa bado majini, na ile sauti yake ya mto, akasema:

"Hakuna mutu aliua. Muhogo ikichachuka, inapumua, sawa mutu. Muliweka batu mingi kwa chumba moja, mukafunga mulango na dirisha. Asubui banaamuka namna gani?"

Mama Présidente alivua kandambili zake, akashuka majini na kitenge chake cha kanisani, akatafuta kati ya magunia, akalipata lake. Alilivuta hadi ukingoni, akalitua miguuni pa Mama Bofaya. Hakusema samahani, na mimi nadhani neno lile lingekuwa jepesi kuliko gunia.

"Tulowekee wapi sasa?" akamuuliza. "Weye njo unajua mayi."

Mama Bofaya aligeuka kutazama bwawa. Machozi yalikuwa yanamtoka wazi, hakuyafuta. Kisha akanyoosha mkono upande wa chini, pale bwawa linapomwaga maji. "Kule. Mayi ikishapita samaki. Tutachimba shimo."

Wale wanaume wenye nyundo ndio waliochimba. Papa Lifeta aliwaonyesha pia namna ya kuweka bomba la mwanzi kwenye kijito, juu, ili maji yaanguke bwawani badala ya kuingia kimyakimya. Maporomoko madogo ya Tshopo, urefu wa mkono. Kapita alitaka karatasi mpya yenye muhuri. Nikamwandikia, na juu kabisa, kabla ya namba yoyote, nikaandika saa.

Tuliporudi, Papa Lifeta alichukua daftari kubwa la vipimo na rula, akanipa. Sikuhitaji kuambiwa. Nilipiga mistari ya safu mbili mpya mbele ya ile ya joto. Ya kwanza niliandika *Saa*. Ya pili niliandika *Mwenye maji anasemaje*. Wengi wenu mmeuliza, kwa adabu, kama safu hiyo ya pili inaweza kuondolewa sasa daftari linapohamia kwenye kompyuta, kwa kuwa mashine haijui iweke nini pale. Najua inasumbua. Humo kuna maneno kama "inauma meno", "inakataa sabuni", "inanuka chuma", na kila moja liliwahi kutufikisha kwenye jibu kabla ya chupa. Hilo la sabuni peke yake lilitupatia kisima chenye chokaa ambacho tungekipita tukipiga miluzi.

Papa Lifeta alifariki akiwa mzee, kwao Isangi, na nilienda kumzika. Kwenye matanga nilijikuta nauliza muhogo umelowekwa wapi, na wafiwa wakanitazama vibaya.

Wiki yangu ya mwisho ya kazi niliomba safari moja, nanyi mkanipa pikipiki na kile kijiti cha namba. Nilifika njia ya Banalia jioni, nikalala, nikaamka kuswali. Mama Bofaya sasa ni bibi kizee, anatembea kwa fimbo, nyumba ni ileile na ina bati jipya. Mabwawa yamekuwa manne. Alikuwa ameshatangulia ukingoni, peke yake na alfajiri yake, na hakuna anayemwuliza anatazama nini. Bomba la mwanzi lilikuwa linaangusha maji. Sikuona kinywa hata kimoja juu ya bwawa.

Nilichovya kijiti, nikaandika saa. Halafu, kabla ya kusoma namba, nikamuuliza.

"Mama, leo maji yanasemaje?"

Aliinama, akatia mkono, akautoa, akangoja maji yadondoke.

"Leo imelala muzuri," akasema.

Hilo ndilo neno la mwisho mtakalolikuta kwa mwandiko wangu ndani ya daftari, kwenye safu ya pili. Namba iko pembeni yake. Zinakubaliana.